Masale ya Mpakani

Herieth, pokea simu! Uko wapi?

Ile kamera niliyomfungia mama kule Kilema baada ya ndizi kuibiwa, nimeifungua sasa hivi kwenye simu, niko hapa Rau. Mama yuko misani. Namwona baba mdogo Melkior anang'oa masale ya mpakani. Yale majani ya alama aliyopanda marehemu baba! Nani anagusa sale la mpaka, Herieth? Nani?

Tena anayapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba la urithi, pembeni kabisa ya kaburi la baba. Na jana alisema mguu unamuuma, hata kanisani hafiki.

Nikabonyeza maiki ya kamera nimfokee. Unajua nilichosema? "Shikamoo baba mdogo." Shikamoo! Mdomo umezoea, mwenzangu.

Hakushtuka. Hakushtuka hata kidogo! "Marahaba, mwanangu," akaendelea kushindilia udongo. Kisha akaja hadi kwenye kamera, panga mkononi, akasema taratibu, "Mpaka ulikuwa hapa siku zote. Mama yako akirudi nitamweleza mwenyewe."

Picha ikakatika.

Nampigia mama, hapatikani. Huwa anazima simu akienda misani, na haiwashi mpaka afike nyumbani.