Sikio la Babu Nyegere

Kissimmee, Florida
Oktoba 14

Kwako dada yangu Corinne,

Kabla ya lolote, salamu. U hali gani huko? Na mwanao Delaney je, ameshaizoea shule mpya? Mama ananiambia Ohio mmeshaanza kuvaa makoti, na kwamba paa la nyumba mliyopanga linavuja juu ya kitanda chako. Pole sana. Sisi huku hatujambo. Mama nyonga bado inamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alikuwa akimtukana mhubiri wa kwenye televisheni mpaka akawasahau samaki jikoni, wakawa mkaa. Kimbunga cha mwezi uliopita kilitupita ubavuni, kikaondoka na uzio na kile kiti chako cha barazani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hupokei. Sikulaumu, maana najua hupokei ya mtu yeyote. Nina jambo la kukuambia, ila nikilitamka moja kwa moja hutaelewa, hivyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Miaka sita nimekuwa nikikudanganya kuhusu kazi yangu. Nilikuambia nafua nguo za waigizaji pale bustani ya burudani, nawe ukanicheka ukisema dunia nzima inakwenda bustanini kucheza isipokuwa Twyla, anayekwenda kufua soksi. Sifui, dada. Navaa manyoya. Sisi wote tunaovaa manyoya hutia sahihi karatasi kwamba hatutamwambia mtu, awe mume au mama mzazi, ni nani aliyemo ndani ya mnyama gani. Wanataka watu wafupi, na ufupi wangu unaujua. Mimi ndiye Babu Nyegere.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Filamu ya kwanza ya Babu huna haja nikusimulie. Wewe ndiye uliyenipeleka. Unakumbuka tulivyolia wawindaji walipomkata Babu sikio moja, wakalichoma na shimo lake, na bado hakusema alikojificha yule binti waliyekuwa wakimsaka. Bustani nayo ikajenga Msitu wa Taa, na ukaanza ule utaratibu wa kumnong'oneza Babu siri kwenye sikio lake zima. Watu walipanga foleni kwa muda wa saa mbili juani. Ukishanong'ona, Babu anatikisa kichwa mara tatu na kuweka mkono kifuani, maana yake siri yako imefika salama. Wengi wanadhani ndani ya lile sikio kuna sponji. Kuna tundu, na nyuma ya tundu kuna sikio langu. Nimesikia ya wagonjwa, ya wazinzi, na ya mtoto mmoja aliyemuua paka wa jirani. Yote nilikuwa nikiyaacha kwenye kabati pamoja na manyoya, sikumwambia mtu hata moja.

Ikaja sehemu ya pili. Filamu haijafika hata nusu saa, Babu yuleyule anawaonyesha wawindaji alipo binti. Ijumaa ilipotoka ninyi mashabiki mlikuwa bado mnalia, Jumamosi mkawa mnatukana, na Jumapili mkaletwa langoni kwetu na hasira zenu. Watu walizivunja zile taa za plastiki tunazouza mbele ya watoto waliokuwa wakizililia. Vibanda vya kuuza bisi vikaandikwa MSALITI kwa rangi. Mashua zetu za kuwatembeza wageni zikawa zinazunguka tupu mferejini, siku nzima, muziki ukilia.

Na mimi nilikuwa ndani. Ndani ya yale manyoya, mwezi wa Juni, unajua joto la huku. Bibi mmoja mwenye kiti cha magurudumu alisukumwa mpaka mbele yangu, nikainama kwa heshima, akanitemea mate sikioni. Baba mmoja kutoka Jacksonville alimleta binti yake wa miaka minne na kumfundisha pale pale: mwambie unatamani afe, mwambie, usiogope. Mtoto akaninong'oneza kwa sauti tamu kabisa kwamba anatamani nife. Nikatikisa kichwa mara tatu. Ndiyo kazi. Vijana wawili walinipiga teke nyuma ya magoti, nikaangukia ukingo wa mfereji, ubavu mmoja ukapasuka. Lyle, msindikizaji wangu, akawatangazia kwamba Babu anakwenda kunywa maziwa yake, kisha akaniburuta nyuma ya pazia na kuniambia, "Twyla, kaza roho. Wamelipa hao. Wewe tikisa kichwa tu." Nilirudi baada ya dakika ishirini.

Halafu ukaja wewe na video yako.

Niliitazama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, barafu ikiwa imefungwa kifuani pangu. Ulikuwa ndani ya gari, na ule mstari mweupe uliojipaka kwenye nywele kama nyegere. Uliwaambia mashabiki wako laki tatu wa mtandaoni wasimpige Babu, wasije wakafukuzwa. "Mnong'onezeni," ulisema. "Pangeni foleni kama watu wastaarabu, mmoja mmoja, siku nzima. Na aliyemo humo ndani asitulilie, si analipwa?" Ukacheka. Wenzangu nao walicheka, kwa sababu hawakujua kwamba tumenyonya ziwa moja.

Walikuja mia sita. Ninyi mliiita Siku ya Sikio, na wewe ulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ulipiga goti, ukanikumbatia vizuri kwa ajili ya picha, ukaniambia, "We uliye humo ndani, ukifika kwako ujitazame kwenye kioo. Unanuka. Huna hata aibu." Pumzi yako ilikuwa na harufu ya ile pipi yako ya mnanaa. Nilimtikisia kichwa dada yangu mara tatu na kuweka mkono kifuani, juu ya ubavu uliopasuka. Nyuma yako wakafuata watu mia tano na tisini na tisa, na maneno wengi wao waliyakopa kwako.

Nilikuchukia, Corinne. Sina neno lingine wala sitalitafuta. Jumapili iliyofuata tulikula pamoja kwa Mama, ukanipakulia viazi, ukaniuliza mbona nakaa upande upande. Nikasema nimevutika msuli nikibeba kapu la nguo.

Jumanne moja ya Agosti mvua ya mchana ilinyesha, watu wakakimbilia majumbani, nikabaki na Lyle chini ya ule mti wa saruji. Ukatokea peke yako, umejifunika kofia ya koti la mvua, huna simu mkononi. Nikajiandaa kwa tusi. Ulipiga goti kwenye maji na kunishika shingo kwa mikono miwili, na najua unakumbuka ulichosema, lakini nakiandika ili ujue kwamba kilifika. Ulisema: "Nisamehe, Babu. Nimeipenda. Nimekwenda kuitazama mara tano, kule Lakeland, nimejifunika hivi hivi. Unapomtoa yule mtoto mimi ndiyo nalia zaidi, kwa sababu nakuelewa. Tiketi nimezificha kwenye kopo la vifungo la Mama. Siwezi kuwaambia. Wataninyofoa nyama." Halafu ukamwomba msamaha na aliyekuwa ndani, yeyote yule. Ulisema ana roho, na wewe ulisahau.

Nilitikisa kichwa mara tatu. Wakati ule nilimaanisha, naapa.

Ijumaa ya wiki ile Lyle alisimama juu ya kreti na kusoma majina ya wanaoachishwa kazi. Tulikuwa arobaini na wawili. Msitu wa Taa unafungwa, Babu Nyegere anaondolewa, na bima ya afya inakoma mwisho wa mwezi, ubavu wangu ukiwa bado haujaunga. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha mashua miaka kumi na moja aliketi sakafuni na viatu vyake mkononi. Mtu mmoja akasema huyo Corinne mwenye mstari kichwani angekuwepo hapa aone, wote wakaitikia, nami nikaitikia pamoja nao.

Unajua yaliyofuata, ila hujui yalitoka wapi. Picha ya tiketi zako iliposambaa ulimkamata Mayra, kwa sababu ndiye pekee nje ya familia anayeingia kwa Mama kila Jumamosi kumsuka nywele. Ulimmwagia chai ya barafu usoni mbele ya kanisa zima na kumwita nyoka, rafiki yako wa miaka ishirini. Mayra hakulifungua kopo lile. Wala hajui kama lipo.

Ni mimi. Jumapili ile nilikwenda kwa Mama alipokuwa amesinzia mbele ya televisheni. Nililikuta kopo, nikazitoa tiketi tano, nyuma ya kila moja umeandika kwa mwandiko wako: nimelia tena. Nikazipanga juu ya kile kitambaa cha meza chenye malimau, ambacho mashabiki wako wamekiona kwenye video zako mara mia, nikapiga picha, nikairusha mtandaoni kwa jina la uongo. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Kesho yake nilisoma maoni yao kuanzia kifungua kinywa mpaka kahawa ikapoa. Nilicheka, dada. Walipolimwagia gari lako lami, nilicheka. Walipokuwekea mzoga wa mnyama rakuni mlangoni, umepakwa mstari mweupe, nilisukuma simu kando. Niliposoma kwamba watoto shuleni wanampigisha Delaney magoti na kumlazimisha amnong'oneze kila mmoja wao kwamba mama yake ni msaliti, niliingia bafuni nikafungulia maji ili Mama asinisikie. Lakini picha sikuiondoa. Ningeweza kuiondoa siku ile ile, na sikuiondoa.

Na sasa sikia lililobaki. Walipopata wa kumla, walimwacha Babu. Wakaanza kwenda kuitazama filamu upya ili kukukomoa tu, wakagundua kwamba si mbaya, na wiki mbili hazikupita wote wakawa wanasema tangu mwanzo waliipenda, ni Corinne aliyewapotosha. Foleni zimerudi. Taa mpya zimeletwa, na walioandika MSALITI ndio wanaozinunua. Bustani imetuita kazini wote arobaini na wawili, bima na kila kitu. Mimi nimerudi wiki tatu sasa. Wewe wamekupiga marufuku ya maisha, picha yako ipo kwenye kibanda cha walinzi, naiona kila asubuhi nikiingia. Katika watu wote walionisogelea majira haya ya joto, mmoja tu aliomba msamaha, na huyo mmoja ndiye niliyemtoa kwa wawindaji.

Mayra sijamwambia. Mwambie wewe, au usimwambie. Mpigie umwombe radhi, hilo tu nakusihi, maana yeye hana kosa.

Najua unachofikiri sasa hivi. Unayo barua mkononi, mwandiko ni wangu, jina langu lipo chini. Ukiirusha mtandaoni napoteza kazi kabla ya chakula cha mchana, na wale wote walio kwako watahamia kwangu. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Lakini nani atakuamini, Corinne? Watasema umeiandika mwenyewe. Watakucheka tena, na safari hii watapata anwani ya Ohio. Isingekuwa uhakika huo, nisingethubutu kukuandikia. Nimeona afadhali ulijue na hilo.

Mama anakusalimu sana. Kanisa linakusalimu, wale wachache wanaothubutu kukutaja. Mpe Delaney mkono wangu, mwambie mama yake mdogo anamuwaza. Mama anauliza kama Krismasi mtakuja kula pamoja nasi. Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Twyla