Jogoo Niliyembeba Kwenda kwa Babu Mohamedi

Bibi yangu,

Mikorosho yako niliichoma mimi. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Kila nikipiga magoti pale nataja uvivu na kumjibu mama vibaya, halafu naondoka. Sasa nakuandikia kwa sababu Jumamosi mimi na mama tunatoka huku Nachingwea kuja Chinongwe kujengea kaburi lako, na Babu Mohamedi ametuma salamu kwamba na yeye atakuja, hata kama ni kushika ndoo ya maji tu. Mama amekataa. "Aliyemchomea mama yangu mikorosho? Asikanyage pale!" Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga.

Siku ile nilikuwa darasa la nne. Ulishanikataza mara ngapi kuchoma korosho shambani? "Zichomee uwanjani, nikuone." Mimi nikachukua kile kipande cha bati ulichokitoboa kwa msumari, nikaenda chini ya mkorosho wa kwenye kichuguu, nikakusanya majani makavu, nikawasha. Korosho zilipoanza kutoa mafuta, moto uliruka, ukatema huku na huku. Nikaupiga kwa tawi. Nikipiga, unasambaa. Nikakimbia. Ulipopigiwa kelele za moto, mimi nilikuwa jikoni nachambua mchicha ambao ulishachambuliwa.

Asubuhi hiyohiyo jirani yako Babu Mohamedi alikuwa anachoma mabua ya ufuta shambani kwake, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza. Mikorosho kumi na moja iliungua, aliyoipanda mumeo kabla hajafa. Ulimkuta Babu Mohamedi palepale kwenye majivu, mikono imejaa masizi kwa kuuzima. Ukamwambia, "Mzee mzima unashindwa kulinda moto?" Akasema tu, "Umenishinda, shemeji. Nisamehe."

Hukumsamehe. Miaka miwili.

Miaka hiyo yote nilikaa na wewe mkeka mmoja kwenye sala za jumuiya, na ni mimi tu niliyejua unachofanya. Baba Yetu ikifika "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", ulifunga mdomo. Wenzako wakapita hapo, wewe ukawasubiri mbele. Siku moja nikakuuliza njiani. Ukacheka. "Kumbe Bubu wangu anasikia! Mjukuu, siwezi kumdanganya Mungu kila wiki mbele ya watu. Akinipa moyo mwingine, nitasema."

Na huo moyo ulikuwa unauomba. Alfajiri ulisali kwa Kimwera. Mimi shuleni sasa nafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani Kiswahili, Kimwera chako nilikiokota nusunusu tu. Lakini jina la Mohamedi nililisikia kila alfajiri, katikati ya maneno nisiyoyajua. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kumwombea mwenzake huku bado amemkasirikia.

Halafu Jumamosi moja kwenye jumuiya ukayasema maneno yale ya Baba Yetu. Polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka daraja la miti. Kesho yake ukanibebesha jogoo mwekundu, tukaenda kwake. Alikuwa anasuka kamba. Hata hukukaa.

"Shemeji, nimekuja kuyamaliza. Nimekusamehe, na wewe unisamehe maneno yangu. Na huyu mchinje mwenyewe, usije ukasema Mkristo kakulisha kibudu."

Alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Shemeji! Nilivyokuona unakuja na miguu ya hasira vile, nikajua leo nachomwa na mimi."

Akaja kupokea jogoo mikononi mwangu. Wewe ulishageuka kuondoka. Akainama, akaniambia taratibu, "Mjukuu, korosho zichomee uwanjani."

Nikatazama pembeni kwa aibu. Kwenye ukuta wa jiko lake lilikuwa limeegemezwa bati. Ni bati kama mabati mengine, ila matundu yale niliyajua.

Alijua, Bibi. Aliliokota kwenye majivu kabla hujafika, akalificha, akameza maneno yako miaka miwili kwa ajili ya mtoto asiye wake. Na wewe ukaenda kumsamehe mtu asiye na kosa, na msamaha ule ukampita, ukanifikia mimi niliyekuwa nyuma yako nanuka kuku. Padri akihubiri juu ya Yule aliyebeba makosa yasiyo yake, wenzangu wanautazama msalaba. Na mimi nautazama, lakini ninachokiona ni mzee amekumbatia jogoo.

Hakumchinja. Ulilalamika sana: "Nimempa mboga, yeye anamfuga kama mkwe!" Jogoo akawa anawika kila asubuhi, na mimi kila akiwika namkumbuka Petro, najifunika shuka.

Na vile visiki vya mikorosho ulivyosema vimekufa? Vilichipua, Bibi. Uliviona vikianza, lakini hukuviona vilivyo sasa. Mkorosho wa kichuguu, ule niliouwashia moto mimi, ndio uliotangulia, na msimu uliopita nilisimama chini yake, kivulini. Niliogopa kuugusa, kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya tope.

Siku zote nimekuwa naomba Babu Mohamedi asife kabla sijapata ujasiri. Nadhani Mungu ameona nikiachiwa nichague siku mwenyewe sitaichagua, ndiyo maana ameileta hii Jumamosi. Sijui mama atasema nini. Labda naye itamchukua miaka miwili. Basi nitakaa naye mkeka mmoja, na akifunga mdomo pale, sitamwuliza. Nitamwombea kwa lugha yoyote itakayokuja.

Ulikuwa unawaambia wageni, "Huyu Mungu hakumnyima mdomo, kampa wa akiba." Nilikuwa nachukia wakicheka.

Nasikia ndala za mama zinatoka uani. Siku tatu hizi, kila zikikaribia, naifunika karatasi hii kwa daftari la Kemia. Zimefika ukumbini. Sasa zipo mlangoni.

Daftari nimelisukuma pembeni. Lala, Bibi. Mdomo wa akiba naufungua.

Mjukuu wako,
Bubu