Kigari Kilichosikiza Mkono Mwingine

Mau Narok, 4 Agosti 1979

Ndugu yangu Amarjit,

Nakujulia hali wewe na Mama. Sisi hapa wazima, ila baridi inatutafuna masikio. Kile kigari cha redio ulichoniuzia kimefika salama. Mafundi wenzangu wa trakta wananicheka, ati mtu mzima mwenye ndevu anacheza, lakini kila jioni wanapanga foleni kuomba rimoti. Nikikata kushoto, kinakata kushoto. Hata ng'ombe wangu hawanisikizi hivyo. Kabla hujahamia Leicester huko ng'ambo, lazima tushindane.

Ndugu yako,
Wamalwa

Nakuru, 13 Agosti 1979

Kaka Wamalwa,

Salamu zimefika. Mama anauliza kama kifua cha shemeji Chepkurui kimepona. Njoo Jumapili tarehe 26, uwanja ulio nyuma ya godauni letu. Nitaleta pacha wa kigari chako. Mjomba alivileta viwili, kimoja changu na kimoja cha Manjit, ndugu yangu wa tumbo moja, wiki ileile Manjit alipoondoka, kwa hivyo havijawahi kukimbia pamoja. Wewe ni mgeni wa mchezo, basi sikia: chaji betri ijae, na uvute eriali yote. Nimewaalika wazee wa relini, baba yako akiwa wa kwanza.

Ndugu yako,
Amarjit

Mau Narok, 27 Agosti 1979

Amarjit,

Natumai mko wazima.

Jana uliniaibisha mbele ya baba yangu. Huku kigari kinanisikiza mimi. Huko kilikusikiza wewe. Ulipokata kulia, kikakata kulia. Niliona kwa macho yangu. Kikaparamia meza ya sambusa, watu wakashika mbavu. Ulikifanyia ujanja kabla ya kuniuzia ili unichezee. Baba zetu walifanya kazi pamoja relini miaka mingi na hawakufanyiana hivi. Nenda salama. Sitakuja kukuaga.

Wamalwa

Mau Narok, 16 Septemba 1979

Ndugu yangu Amarjit,

Naomba barua hii ikukute mzima, tena ikukute bado Nakuru. Hujanijibu, na sikulaumu.

Jana jirani alifungulia taarifa ya habari, nasi tukafungulia yetu. Chepkurui akasema, "Msomaji ni mmoja, na anaongea nyumba mbili mara moja. Si kigari chako pia ni redio?" Ikabidi niketi. Kama hivyo vigari ni pacha, basi viko stesheni moja, na chako kilikuwa kikinisikiza mimi pia. Ndiyo maana kilizunguka ovyo, nami nikadhani unanifanyia mzaha. Hasira hasara. Nisamehe, ndugu yangu. Naona haya kuliko siku ile ya sambusa, na kama umeshaondoka, sijui nitamwambia nini Baba.

Ndugu yako, ukikubali bado,
Wamalwa

Nakuru, 20 Septemba 1979

Kaka Wamalwa,

Sisi wazima, na leo naandika hivyo bila kudanganya. Sikukujibu kwa sababu uliniumiza. Nilikuwa nimepanga kuondoka kimya. Mama akiuliza mbona huji, nilimwambia mnavuna ngano.

Barua yako ilifika jana. Nimekifungua kigari changu mezani. Kuna kidude kidogo kinachochagua wimbi la redio, na changu kina alama nyekundu. Fungua chako, utakuta nyekundu vilevile. Mjomba alitaka ndugu wawili wasioneane wivu, akanunua kila kitu sawasawa, hata wimbi. Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni, halafu nikalia, maana nilikuwa nakwenda mbali nikijua nimepoteza ndugu. Sasa moyo umetulia.

Nasafiri Jumatano. Njoo Jumapili na shemeji na mzee. Kushindana hatuwezi, lakini mimi nitazima rimoti yangu. Vigari vyote viwili vitakusikiza wewe, vikimbie bega kwa bega. Endesha wewe. Mimi nitakaa karibu na baba yako, nitazame.

Ndugu yako,
Amarjit