Mkono wa Ishirini na Tano

14 Novemba 2019

Kwako Dada Salha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na baridi ya huko Marseille isikuguse mifupa. Mimi mzima, watoto wazima. Mama figo zinamwangusha, ulimi bado umesimama: jana alimwambia daktari akaoge. Naandika kwa sababu kwenye simu anataka kila neno lipitie spika, naye asikie.

Nimepewa uenyekiti wa kamati ya ujenzi ya manispaa. Usishangilie. Chama kilinitia kwenye orodha kwa kuwa sheria inataka wanawake, kikaniweka juu kwa kuwa kilidhani tutashindwa, na tuliposhinda kikanisimamisha katikati ya picha. Kikao cha kwanza, mjumbe mmoja aliniagiza kahawa. Nikamwambia kahawa iko fungu la meya, mimi niko fungu la barabara. Nilisomea uhasibu jioni huku mchana nauza pilipili ya harisa sokoni. Hakuna kati yao anayenishinda kujumlisha, na hakuna anayeniita jina langu bila kwanza kuitazama ngozi yangu.

Sasa sikiliza. Nimepeleka hoja ya kubomoa ukuta wa makaburini, ule unaotutenga sisi weusi na wengine. Mama akitutoka, sitaki alale mahali ambapo mpaka leo watu wanapaita "kwa watumwa", wala sitaki kumtenga na Bibi Massouda aliyezikwa huko. Ukuta uondoke, yabaki makaburi tu. Wajumbe tuko ishirini na wanne. Wangu kumi na wawili, wa Meya Moncef kumi na wawili, yeye akiwemo. Kura zikilingana, ya meya ndiyo inayoamua. Napungukiwa mtu mmoja.

Nilimfuata ofisini. Unakumbuka cheti changu cha kuzaliwa kabla mahakama haijakisafisha: "aliyeachwa huru na", halafu jina la ukoo wa Moncef. Akanimiminia chai, akasema, "Binti yangu, wewe una kesho. Shughulika na taa za barabarani. Wafu hawapigi kura."

Zimebaki wiki tatu. Daktari anasema Mama huenda asiuone mwaka mpya.

Mdogo wako,
Mbarka


25 Novemba 2019

Mbarka mdogo wangu,

Barua nimeipata. Sijambo, ila magoti. Mbusu Mama kichwani, umwambie daktari ameoga.

Naogopa. Ukishindwa watakunyang'anya kamati na watajisifu kwamba walijua. Mimi hapa idara ya nyumba nimeshawafundisha kazi yangu watu watatu, na wote watatu leo ni wakubwa wangu. Miaka yako yote ya sokoni, uitupe kwa ajili ya ukuta?

Lakini nakujua, hutarudi nyuma. Basi wakati wa kura mtazame Moncef. Achana na wengine. Yule amenyonya kwa bibi yetu.

Dada yako,
Salha


6 Desemba 2019

Dada,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mama yuko vilevile, anakula uji wa bsissa vijiko viwili na kulalamikia cha tatu.

Tulipiga kura jana saa nne asubuhi, jua limejaa ukumbini, kwa hiyo usiniambie habari za vivuli. Wapinzani wakanyoosha mikono: kumi na wawili. Wa upande wangu wakanyoosha. Karani Hedi akahesabu, akasita, akahesabu tena.

"Mikono kumi na mitatu," akasema.

Mtu akamwambia arudi darasa la kwanza. Meya akaamuru milango ifungwe na majina yaitwe. Tulikuwa ishirini na wanne. Mikono ikapanda tena. Kumi na mitatu.

Niligeuka nihesabu mwenyewe. Wa kumi na tatu ulikuwa pale dirishani, nyuma ya kiti cha mwisho, mahali pasipokaa mtu. Mkono mweusi wa mwanamke mzee, hina mpaka kwenye kifundo, kidole cha pete hakipo. Mwenye mkono sikumwona. Mkono wenyewe haukutikisika hata kidogo. Wenzangu walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Hawakuuona, au waliuona wakanyamaza.

Nikakumbuka maneno yako, nikamtazama Moncef. Macho yake yalikuwa palepale yalipokuwa yangu. Akasema taratibu, kama mtoto aliyeamshwa usingizini:

"Nimekuona. Shusha, utachoka."

Kisha akanyoosha wa kwake, upande wetu. Hedi akahesabu mara ya tatu, na wa Moncef ukiwemo: kumi na mitatu. Dirishani palibaki jua.

Kumbukumbu za kikao zinasema kura kumi na tatu kwa kumi na moja. Nimezikagua, hazina kosa. Ndicho kinachoniogopesha.

Niambie Bibi alikuwaje. Alipokufa mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Mdogo wako,
Mbarka


15 Desemba 2019

Mbarka,

Salamu baadaye.

Moncef alipokuwa mdogo aliingia kwenye kinu cha zeituni cha baba yake, punda akizunguka. Bibi akamvuta nje. Jiwe likabaki na kidole cha pete cha Bibi. Wakamshukuru, wakamfunga kitambaa, na miaka ilipopita akafa, wakampeleka nyuma ya ukuta kama wengine. Moncef alikuwa mtu mzima wakati huo. Aliishia getini, hakuvuka kuja kuzika.

Mama aliniapisha nisikwambie, usije ukakua na chuki. Ukakua nayo hivyohivyo.

Bomoa upesi. Na usidhani amekuja kwa ajili yako peke yako.

Salha


2 Machi 2020

Dada Salha,

Habari za magoti? Tangu uondoke baada ya arobaini ya Mama nyumba imekuwa kubwa. Kaburi lake na la Bibi nayapitia kila Ijumaa. Moncef huja pia, anavuka mahali palipokuwa na ukuta kama anayevuka maji.

Amejiuzulu, hilo umelisikia. Meya sasa ni mimi, kwa kura kumi na nne, zote za walio hai. Nilihesabu mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichosaini ni kiti, cha ishirini na tano, kikae dirishani. Nilikiingiza fungu la samani na hakuna aliyeuliza. Yule mjumbe wa kahawa alijaribu kukikalia, akainuka haraka. Alisema kina joto, kama kuna mtu ametoka kuinuka.

Wiki iliyopita nilileta hoja yangu ya kwanza nikiwa meya. Bahari inatutupia maiti za vijana weusi waliokuwa wanavuka kuja huko kwenu, na makaburi yanajaa. Nilitafuta kipande cha ardhi cha kuwazika nje ya mji, kikavu, bei nafuu, na uzio kuzunguka. Hesabu ilikuwa safi. Nilikuwa na kumi na wanane mfukoni.

Niliwaita kwanza wa kupinga wanyooshe mikono. Nikatupa jicho dirishani, mazoea tu.

Ule mkono ulikuwa juu. Vidole vinne.

Nimeiondoa hoja kabla Hedi hajaanza kuhesabu. Watazikwa kwetu, karibu na Mama. Nafasi tutapata.

Mdogo wako,
Mbarka