Kichwa cha Karpe

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya ndoo yako ya rangi, pembeni ya shimo la udongo wa matofali, lile lililojaa maji. Mshipi uko majini na boya halijatikisika tangu nifike, kwa hiyo nina nafasi. Unajua kwamba kwangu kuandika ni rahisi kuliko kusema.

Jumamosi tulitosha kilio chako, matanga yakaisha. Watu walikuja wengi. Nitakusimulia, maana siku ile nilifanya jambo ambalo ulilingoja muda mrefu na hukuliona. Lakini nianze na nyumbani, kama ulivyopenda ukirudi kazini: kwanza nyumba, kisha mengine.

Mama yuko. Analala na koti lako la kazi, lile la buluu, anasema ni kwa sababu ya baridi. Kweli baridi ya mwaka huu ni kali, hapa mtaani Annexe asubuhi hatuoni hata nyumba ya jirani kwa ukungu, lakini sote tunajua si baridi tu. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua frigo zao, yale majokofu yaliyokungoja uyatengeneze. Waliziondoa vilevile, hazijatengenezwa, na kila mmoja aliomba radhi kana kwamba anaiba. Imebaki ile moja isiyo na mlango, ambayo mwenyewe hakurudi. Kuku wa Mama anatagia mayai ndani yake, kwenye rafu ya chini. Ungecheka. Ungesema hatimaye frigo ile imepata kazi.

Mdogo wangu Tshiala ameng'oka jino la mbele. Bado anauliza utarudi lini, ila si kila siku tena.

Na mimi nimemaliza shule. Examen d'État, ule mtihani wa mwisho wa taifa, imepita, matokeo bado. Kopo la poda ulilonunua mapema, ili unimwagie kichwani siku nitakapofaulu, lingali juu ya kabati. Hakuna anayeligusa. Kwenye mtihani wa Kifaransa cha mdomo niliongea chini chini mpaka mwalimu akaniambia niseme kama mtu aliye hai. Hakujua kwamba nina kilio nyumbani. Nilikaza macho kwenye meza nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilipotoka, kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kunileta hapa majini.

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa dawa yako. Walimu walipomwambia Mama kwamba sifungui kinywa darasani, yeye alinipeleka kwenye maombi. Wewe ulinipeleka kuvua. Nilikuwa mdogo kuliko Tshiala wa leo. Ulinikalisha kwenye nyasi, ukanipa mwanzi mfupi, ukaniambia, "Mamu, hapa muntu akinyamaza, anasifiwa." Uliniita Mamu kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Hata uliponikaripia ulikuwa unamkaripia mama yako, kwa hiyo hukuweza kukaripia sana.

Nakumbuka boya la kwanza ulilonitengenezea. Ulikata kipande cha lile povu gumu jeupe lililo ndani ya ukuta wa frigo mbovu, ukakichonga kwa wembe, ukakipaka rangi nyekundu ya kucha ya Mama. Mama aliitafuta chupa yake nyumba nzima. Sisi tulikuwa hapa, kimya, na ushahidi unaelea mbele yetu.

Uliwapenda karpe tu. Sokoni ukisikia mwanamke anaita wateja, "Karpe, karpe fresh!", ulisimama kumsahihisha. "Mama, hii ni tilapia. Karpe iko na ndevu, sawa miye." Ulishika kidevu chako umuonyeshe. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wanawake wa soko walikuita Papa Ndevu, na walipopata habari za kifo chako walikuja kuketi na Mama kwenye mkeka, wakakulilia kwa jina hilohilo.

Sasa nifike kwenye kichwa.

Hujasahau sheria ya nyumba yako. Mama anasema uliirithi Kasai kwa wazee, Papa mukubwa, kaka yako, anasema uliitunga mwenyewe: aliyevua samaki ndiye anakula kichwa chake, na anayekula kichwa ndiye anaombea chakula, kwa sauti, wote wasikie. Na mimi nilivua, Papa. Miaka ile ya mwisho nilikuwa navua kuliko wewe. Kila mara Mama aliweka kichwa mbele yangu, na kila mara niliisukuma sahani mpaka kwako. "Kula, Papa." Nilikuwa tayari kukosa nyama yote ya dunia ili nisiombe mbele ya watu, hata kama watu wenyewe walikuwa Mama na Tshiala. Hukunilazimisha. Uliomba maombi mafupi, kisha ukakifyonza kile kichwa mpaka mifupa ikawa kama kitana. Ukipangusa ndevu ulisema neno lilelile: "Hakuna shida, Mamu. Siku moya utakula kichwa."

Familia ilipokutana kupanga siku ya kutosha kilio, wakubwa waliketi sebuleni nasi watoto mlangoni. Walikuwa wameningoja nimalize mtihani, hilo nawashukuru. Papa mukubwa ndiye aliongoza. Wakapanga kuku, wakapanga bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, wakapanga samaki tomsoni wa barafu, wale wa baharini wanaoletwa kwenye maboksi. Tomsoni! Kwenye kilio chako! Nilimtazama Mama, naye alikuwa anatazama mikono yake. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia sauti inasema, "Nitaleta karpe," na sauti ilikuwa yangu.

Unamjua Papa mukubwa. Alicheka mpaka kiti kikalia. "Haka katoto hakasemaki! Leo kanasema, kanasema samaki!" Wote wakacheka, hata Mama kidogo. Niliketi uso ukiwaka moto. Lakini neno lilikuwa limetoka, na wewe ulinifundisha kwamba mshipi ukisharushwa haurudishwi kwa kuona haya.

Kesho yake nikaamka kabla ya jogoo. Nilivaa sweta mbili, nikachukua mwanzi wako mrefu, nikafinyanga chambo cha bukari. Nilisema moyoni kwamba nitakuwa na bidii kuliko wewe. Wakati wa baridi ulikuwa unanileta hapa baada ya misa ya pili, tena baada ya kula, tena baada ya kusinzia kidogo kwenye kiti, na siku zote nilifikiri ni uvivu wa Jumapili. Kwa hiyo nilikuja na ukungu. Maji yalikuwa yanafuka moshi kama sufuria. Nilikaa mpaka vidole vikakataa kukunjika. Hakuna. Siku iliyofuata nikaja mapema zaidi. Hakuna. Nikaanza kuona sahani za tomsoni zikipita mbele ya macho yangu, na Papa mukubwa akicheka nyuma yake.

Aliyeniokoa ni Mama Ngoie, yule anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, barabarani karibu na tanuru za matofali. Aliniona napita na ndoo tupu, midomo imekauka, akanipa kikombe. Kisha akasema, "Karpe ingali inalala, weye unaipigia hodi ya nini? Papa yako alikuwa anapita hapa juba ikiwa yulu. Alikuwa ananiomba machicha, anatupa mu mayi, anasema ngoja juba iingie."

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Ngoja jua liingie majini. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwako mara nyingi nikidhani unatafuta sababu ya kusinzia. Kumbe wakati wa baridi samaki anashuka chini, anatulia, hali kitu mpaka maji ya juu yapate moto. Kumbe misa, na chakula, na usingizi, vyote vilikuwa sehemu ya uvuvi. Miaka yote nimeketi kando yako na sikuliona, kwa sababu sikuuliza. Kunyamaza kwangu kulinipa mengi, Papa, lakini hilo kulininyima.

Mama Ngoie alinifungia machicha ya munkoyo kwenye jani la mgomba, yale makapi ya mahindi yanayobaki chini ya pipa, matamu na machachu pamoja. Mchana nikarudi. Nikayafinyanga kwa udongo, nikayatupa pale kwenye kona ya mashariki ambapo ukuta wa shimo unakinga upepo. Nikangoja. Jua liliingia. Nililiona kabisa likiingia: maji ya kahawia yakawa na rangi ya chai. Kisha mapovu madogo yakapanda, moja, mengine, kama mtu anapumua chini ya blanketi.

Boya lilitikisika. Likatulia. Likatikisika tena. Nilikusikia sikioni: usivute anapoonja, vuta anapoondoka. Karpe hanyakui, ananyonya na kutema, ananyonya na kutema, kama Mama anapoonja chumvi. Nilibana meno. Na boya likaanza kwenda zake upande, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu aliyeaga.

Nikavuta.

Alikuwa mzito, Papa. Alizunguka shimo lote na mimi nikizunguka naye, matope mpaka magotini. Nilipomleta kwenye nyasi alikuwa wa rangi ya shaba, magamba makubwa, na ndevu zake zilikuwa zinacheza pembeni ya mdomo. Na mimi nikapiga kelele. Nikaita, "Papa! Papa, angalia!" Niligeuka kabisa kukutafuta. Wafyatua matofali upande wa pili waliinua vichwa. Nilikuwa nimeshika samaki kifuani, maji yake yananiingia kwenye sweta, na nyuma yangu kulikuwa na ndoo tu.

Nililia pale kama ambavyo sikulia hata siku ya kukuzika. Siku ile kulikuwa na mvua na watu wengi, sikupata nafasi.

Jumamosi, baada ya misa, watu walijaa uani. Mama alipika karpe peke yake kwenye sufuria ndogo, nyanya na kitunguu, juu ya makaa, hakutaka mtu asaidie. Samaki mmoja kwa watu wale wote! Alimchambua, akagawa nyama yake kidogo kidogo ndani ya mchuzi wa tomsoni, ili kila sahani iwe na kipande cha karpe wako. Kichwa akakiweka peke yake kwenye sahani nyeupe. Papa mukubwa alikuwa amejiweka sawa, mikono imeoshwa, maana ndiye mkubwa. Mama akampita.

"Na miye?" akauliza Papa mukubwa.

"Weye ulivua?" akajibu Mama.

Watu wakacheka. Mama akaiweka sahani mbele yangu. Kicheko kikaisha, nikaona wote wanangoja.

Papa, niliishika ile sahani niisukume. Mikono ilikuwa imeshaanza, inajua njia. Lakini upande ule kulikuwa na kiti chako na koti lako la buluu juu yake, basi. Hapakuwa na mtu wa kunipokea.

Nikasimama. Nilikuwa nimesikia maombi mazuri maisha yangu yote na sikukumbuka hata moja. Nikasema, "Mungu, aksanti kwa samaki. Papa yangu hapendaki baridi. Umufunike." Nikaketi. Ndiyo yote niliyoomba.

Nikajua nimeharibu. Kisha Mama akasema "Amina", na uwanja mzima ukasema "Amina", na Papa mukubwa akavua kofia yake, akajifuta nayo uso. Baadaye kidogo akamwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Kumbe kanasemaka."

Nikala kichwa. Hukuniambia kwamba kina ladha ya matope. Wala hukuniambia kwamba shavuni kuna kipande kidogo cha nyama, laini, kitamu kupita samaki mzima. Nafikiri ulikuwa unakificha, ili siku ikifika nikikute mwenyewe. Nilimpa Tshiala nusu yake.

Leo jua limeshaingia majini. Sijui kama nimefaulu mtihani. Nikifaulu, nitamwomba Mama alifungue lile kopo la poda, nami nitakuja nayo kaburini nikiwa bado mweupe kichwa chote, uone. Nikishindwa pia nitakuja, nikwambie kwa mdomo wangu. Jumapili ijayo Tshiala anakuja nami hapa. Nimeshamchongea boya kutoka kwenye ile frigo ya kuku, na rangi ya kucha nimeiomba, sikuiiba. Nitamfundisha kunyamaza kama ulivyonifundisha. Na nitamfundisha kuuliza.

Pumzika, Papa Ndevu. Naacha kuandika, boya linaanza kuondoka. Nikimpata huyu, kichwa ni changu. Sikusukumii tena.

Mamu wako,
Kapinga