Blanketi la Baba Mkwe Juu ya Kompyuta Yangu

Mpendwa Bi Mwamvita, shikamoo. Naomba unisaidie, maana ndoa na kazi vyote vinaniponyoka kwa pamoja. Mimi ni Mnyakyusa, nimeolewa na Mnyakyusa mwenzangu, Lusungu, tunaishi Madale, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa hapa nyumbani, kompyuta iko sebuleni kwa sababu ndiko iliko meza kubwa. Sasa tangu baba mkwe aje kutibiwa kifua sebule imekuwa yake, na kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni wala hamsemeshi, basi mimi nafanya kazi akienda kuota jua kwa jirani, nikifika ile hatua ya mwisho ya kompyuta kuunganisha video nzima yenyewe, prosesa inachemka, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, na hapo ndipo mzee anarudi, mimi nakimbilia jikoni, nachungulia pazia namwona anafunga madirisha, anachukua blanketi lake zito anaifunika kompyuta gubigubi, na mimi nimesimama na mwiko mkononi siwezi hata kukohoa! Haichukui muda inajizima kwa joto, kazi yote inapotea, naanza upya.

Nikimwambia Lusungu aongee na baba yake ananijibu, "Sasa mie nitaanzaje, mke wangu? Mzee mgonjwa, we punguza kelele za hiyo feni." Nilipombana akasema eti mzee kamwambia, "Kitu cha mkamwana kinahema sana, kimeshikwa na homa," naye akacheka, nikaona wananidhihaki. Jumamosi ni sherehe ya kuvunja kamati ya harusi ya Shamimu, ukumbi mzima unasubiri video ya harusi yenyewe, na mama wa bibi harusi ameapa nisipoileta atanitangaza Kinondoni yote. Nimechoka, Bi Mwamvita. Begi nimeshafungasha. Nirudi kwetu?

Atuganile, Madale

Marahaba, Atuganile. Pole sana, na sasa fungua hilo begi. Utamwambia nini mama yako, kwamba umeiacha ndoa kwa ajili ya feni?

Nianze na wewe. Vumbi la barabara za huko Madale nalijua, na nina hakika hujaifungua hiyo kompyuta tangu uinunue. Blanketi ni kosa la mzee, uchafu ni wako. Mwite fundi leo aipulize vumbi na aweke pesti mpya ya kupoozea prosesa, maana ikikauka joto halitoki. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta, ushushe kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia themanini. Itachelewa kidogo, ila haitachemka hivyo, na feni itatulia. Halafu ihamishie chumbani kwenu, ambako mkwe haingii. Meza kubwa haipiti mlangoni? Tumia ndogo! Umekubali kupoteza kazi kuliko kuhama meza?

Sasa mpe Lusungu gazeti asome mwenyewe. Bwana Lusungu, mkeo amefungwa mdomo na mila. Wewe umefungwa na nini? Mkamwana akikaa kimya ni heshima, lakini mtoto wa kiume akimkimbia baba yake kwa neno dogo kama hilo, huo ni uoga, tusiupambe.

Atuganile, hayo maneno ya homa umeyasikia kwa hasira. Mtu aliyekereka na kelele angechomoa waya ukutani. Mzee wako anajua kifua kinavyobana, kasikia kitu chako kinahema, akakihurumia. Anakiua, ndiyo, lakini kwa kukiuguza, na katika nyumba hiyo ni yeye peke yake aliyejali kazi yako.

Kwa hiyo, hata mkiihamisha kompyuta, mzee aambiwe. Lusungu akae naye jioni hii, amshukuru, amweleze kwamba kitu cha mkamwana kinapona kwa hewa, si kwa joto. Na hilo blanketi alikunje vizuri ampe baba yake mkononi, maana siku zote hizo mgonjwa amekuwa akikaa bila kujifunika.