Kilo Ishirini Nilizoziacha Sebuleni

Kijiji cha Matongo,
Tarime, Mara.
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa kaka yangu Nyangwine,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umepumzika, na siku za kusafishwa damu ziwe hazikuchoshi kama zilivyokuchosha mwezi wa nane. Beatrice aliniambia miguu imepungua kuvimba na sasa unamaliza ugali wako. Nilifurahi mpaka nikamwomba arudie. Wifi yangu huyo anakutunza vizuri, mwambie nimesema.

Sisi huku hatujambo. Mama yuko Gorong'a na ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo nadhani anayachagua, maana akiitwa kula anasikia. Mvua zimenyesha na mahindi yameshika vizuri. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa ndama jike. Watoto wanasoma, na shemeji yako Deus anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Mwezi wa kwanza nilipokutajia habari ya figo ulisema, "Ghati, hilo neno usilirudie," ukakata. Barua haikatwi. Kwa hiyo kaa vizuri, vaa miwani, usome mpaka mwisho.

Kaka, lile neno kwako sikulirudia, lakini nililipeleka kwingine. Mwezi wa pili niliwaambia watu naenda Mwanza kufuata vitambaa vya sare za kwaya. Vitambaa nilinunua kweli, ila kwanza nilikwenda hospitali nipimwe kama naweza kukutolea figo. Nilikaa siku tatu nikichomwa sindano na kuingizwa kwenye mashine. Figo zangu zote mbili ni nzima, sukari sina, na damu yangu ni kundi O kama yako. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, ndipo daktari, mama mmoja mpole, akanipandisha kwenye mizani. Kilo tisini na tisa, na presha iko juu.

Alinieleza bila kuzunguka kwamba kwa hali ile hawawezi kunipasua. Mtu atakayebaki na figo moja lazima awe na mwili usioielemea. Akasema nishuke mpaka themanini, presha itulie, ndipo nirudi. Nilitoka pale nikalia chooni, nikanawa uso, nikaenda kununua vitambaa.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na tano niko kwenye cherehani, nimekaa tangu asubuhi hadi jioni, na chai na maandazi pembeni. Tena tangu Deus aifungie mota ya umeme hata miguu ilikuwa haikanyagi tena. Mwili ulikuwa unaongezeka na mimi nakata magauni mapya tu.

Deus nilimwambia siku ile ile niliyorudi. Siku ya tatu akaniuliza, "Ukifia mezani, watoto nitawaambia nini?" Nilimjibu awaambie nilikwenda kumsaidia mjomba wao, na kwamba sina mpango wa kufa. Akainuka, akaenda kukamua ng'ombe. Baadaye kaka yake mkubwa alikuja kulalamika kwamba mke aliyeolewa kwa ng'ombe hawezi kugawa mwili wake kwa watu wa kwao. Deus akamwambia, "Figo zile alikuja nazo kutoka kwao." Mzee yule hakurudi tena na mazungumzo hayo.

Nikaanza mazoezi kwa kutembea barabara ya Nyamongo. Siku ya kwanza bodaboda watatu walisimama, kila mmoja akiniambia nipande, nauli nitampa nikipata. Siku ya pili nikajaribu kukimbia kidogo, na mama mmoja aliyekuwa shambani akatupa jembe, akanifuata akiuliza nani amefariki. Wiki haijaisha, habari ikawa Ghati ana tatizo. Nikaona kwa mwendo huo utasikia huko Dar es Salaam kabla sijapungua hata nusu kilo.

Aliyeniokoa ni Adhiambo, jirani yangu anayeuza samaki wa Shirati. Nilimweleza ukweli wote. Wiki iliyofuata alikwenda Migori, upande wa Kenya, kumsalimia kaka yake Omondi, akarudi na boksi lililofungwa kwa kamba ya manila. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya watoto wa Omondi, ambao sasa wako shule za bweni. Mimi nikadhani ni gemu zile za kukaa kwenye kochi na kubonyeza kwa vidole. Siyo. Hii inachomekwa kwenye runinga, ina kamera ndefu kama rula inayokaa juu ya meza, na kamera hiyo inakuona mwili mzima. Ukiruka, mtu wa kwenye runinga anaruka. Ukipiga ngumi, anapiga. Ukikaa, naye anakaa, halafu pointi zinaanza kushuka.

Kamera ilitaka nisimame hatua nne kutoka kwenye runinga, na sebule yetu unaijua. Nilirudi kutoka dukani jioni moja nikakuta Deus amebeba kochi lake kubwa, lile asilotaka mtu mwingine alikalie, amelitoa barazani. Meza ya kahawa ilikuwa juu yake. Tangu siku ile hukaa huko nje na redio yake, na sisi tunatikisa nyumba ndani.

Mwanzoni mashine haikuniona miguu. Nilikuwa nimevaa kitenge, na kwenye runinga yule mtu wangu alikuwa anaelea kama mzimu. Adhiambo alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi nivae suruali ya mazoezi ya Deus na kuikunja. Hivyo ndivyo mdogo wako, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alivyoanza kuvaa suruali, lakini ni ndani ya nyumba tu.

Siku ya kwanza nilidumu dakika sita. Kulikuwa na gemu ya ngalawa inayoshuka mto wenye mawe, unaruka kuokota pointi na kuinama usigonge matawi. Niliruka mara nne, goti likalia, nikashika ukuta. Mwalimu wa kwenye runinga ananisifu kwa Kiingereza hata ninapoanguka, na mimi nilimwambia kwa Kikurya mambo ambayo sitayaandika hapa.

Lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku saa kumi na moja jioni nafunga cherehani, Adhiambo anaweka ndoo yake ya samaki nje, tunasimama wawili mbele ya runinga. Ngumi ndizo tulizozipenda. Adhiambo ni mwembamba, kaka, lakini ana mikono kama umeme. Alinishinda wiki sita mfululizo, na kila akishinda anawatangazia majirani. Nilimchukia kwa moyo wote, na ile chuki ilinifaa. Nilikuwa naamka asubuhi namfikiria, nakunywa chai bila sukari, maandazi nawapa wateja.

Kilo nilikuwa napima kwa Okech, mnunuzi wa mahindi, kwenye mizani yake ya magunia. Kila Jumamosi nasimama pale katikati ya magunia ananisomea. Mwezi wa nne tisini na tano. Mwisho wa mwezi wa sita tisini. Presha muuguzi wa zahanati alinipima bure kila wiki mbili, nayo ikaanza kushuka polepole.

Mwezi wa saba kilo zikagoma. Themanini na nane, wiki tano nzima. Nikapunguza ugali tena, nikaongeza dakika, lakini Okech ananisomea namba ile ile huku akiangalia pembeni kwa huruma. Halafu umeme ukakatika siku tisa. Siku hizo ndizo pekee nilizofikiria kuacha. Beatrice alikuwa amenipigia akasema umeanguka bafuni, nami nilikuwa nimekaa kwenye sebule tupu, mbele ya runinga nyeusi, nikihesabu miezi.

Adhiambo aliingia bila kubisha hodi. Akasimama mbele ya runinga, akanyoosha mikono, akasema, "Leo mashine ni mimi." Akaanza kunipigia ngumi za hewani na kunisifu kwa Kiingereza chake cha mpakani Isebania, na mimi nakwepa. Tulifanya hivyo siku zote tisa. Umeme uliporudi, kwa mara ya kwanza nilimshinda raundi zote tatu. Jumamosi Okech akasoma themanini na sita.

Sasa ya Mama. Kule Gorong'a alisikia kwamba Ghati anakonda, nguo zinamning'inia, na ni ugonjwa usiotajwa. Alipanda bodaboda peke yake, akafika jioni na mfuko wa mizizi ya dawa. Aliposukuma mlango alinikuta nimevaa suruali ya mume, natupa ngumi hewani, jasho linachuruzika. Akaniuliza napigana na nani. Sikuweza kumdanganya mama yangu, kaka. Nilizima mashine, nikamkalisha, nikamweleza yote.

Aliuweka mfuko wake sakafuni. Kisha akasema, "Siku hiyo nitakuwa na watoto wawili mezani, na mimi nina moyo mmoja." Nilimshika mikono tu. Tulikaa hivyo mpaka Deus akaingia na maziwa. Asubuhi yake Mama aliniambia nimwonyeshe hiyo mashine inavyofanya kazi, kwa sababu hawezi kubariki kitu asichokijua.

Alikaa kwangu siku kumi. Kuna gemu ya kurusha mpira mzito kuangusha chupa, na inachezeka hata ukiwa umekaa. Mama ana sabini na nne, lakini alirusha mpira ule kama anamfukuza fisi zizini. Alitufunga wote, hata Deus aliyeingia kutoka barazani akidai ataonyesha mfano. Uliwahi kumuuliza kwenye simu kwa nini anacheka peke yake. Jibu ndilo hilo. Alijua tangu siku zile, akakunyamazia, na mizizi yake aliirudisha Gorong'a.

Tarehe ishirini na moja mwezi uliopita nilirudi Mwanza. Kilo sabini na tisa. Presha imetulia, na waliipima siku nne kuhakikisha. Yule daktari aliangalia faili, akaniangalia mimi, akaangalia faili tena. Walinipeleka kwa mshauri, akaniuliza mara tatu kama kuna mtu amenilazimisha. Nilimwambia mtu anayehusika ananikatia simu. Walinieleza hatari zote, moja baada ya moja, na Deus akiwa amekaa pembeni yangu anasikia. Tukatia saini wote wawili. Barua yao imeshafika hospitali yako, na daktari wako anajua. Nilimwomba aniache nikuambie mwenyewe.

Najua utakachosema. Utasema nina watoto wanne. Ninao, na wa kwako ni watatu, na wao pia wanataka baba. Utasema kwangu ni hatari. Nimeisikia hatari hiyo kwa majina yake yote, na nimetumia miezi minane kuipunguza kwa miguu yangu.

Kuna jambo hatujawahi kulizungumza, na leo nitalisema mara moja. Desemba ile nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, pombe imeshapikwa na siku yangu ya kukeketwa imeshapangwa, uliniambia nikusindikize mashineni kusaga mahindi. Ulinipakia nyuma ya baiskeli na debe la mahindi mapajani. Tukaipita mashine. Tukaenda na jua lile, mnyororo ukikatika na wewe ukiufunga kwa waya, mpaka kwa masista waliokuwa wakiwaficha wasichana waliokimbia kukeketwa. Hukuniambia tunakokwenda hadi tulipofika getini. Baba alikunyima ng'ombe wa kuolea, ukaoa umri umekwenda kwa jasho lako la ualimu, na siku zote hukunitajia. Hukuniuliza kama nataka, kaka. Ulijua ningeogopa, ukaamua.

Ndiyo maana na mimi sikukuuliza.

Tunaondoka huku Ijumaa tarehe 22, mimi na Deus. Mama atahamia hapa kukaa na watoto, na Adhiambo ameahidi samaki kila siku, mradi aendelee kucheza ngumi akiwa na nafasi. Cherehani nimeifunika. Jumatatu tarehe 25 natakiwa hospitalini kwenu asubuhi.

Msalimie Beatrice, umwambie asipike kitu cha mafuta nikifika. Wasalimie wanao wote, hasa Selestina, ambaye nasikia ameanza kukaa na simu siku nzima. Mwambie shangazi yake anamwalika ulingoni. Mama anakupa salamu na anasema Mungu akulinde, mura, kijana wake, mpaka atakapokuona unatembea Gorong'a mwenyewe.

Kilichobaki ni kipimo kimoja. Watachanganya damu yangu na yako kuona kama zinakubaliana. Yangu nakuja nayo. Yako hakuna anayeweza kuitoa bila wewe kukubali, si mimi, si daktari. Jumatatu hiyo muuguzi akija na sindano, usigeukie ukutani. Mpe mkono.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Ghati